Mlango wa Chumba cha Dawa

Ieleweke kwa vizazi vyote vijavyo, na iandikwe kwa wino usiofutika, kwamba ofisi ya upelelezi ya kituo hiki ilipata meza mpya. Haikuwa meza ya hivi hivi. Ilikuwa ya mbao ngumu ya rangi ya chai ya rangi, urefu futi sita kasoro inchi mbili, nzito kiasi kwamba watu wanne waliiingiza ndani huku wakiitana majina ya wanyama wa kufugwa. Uso wake ulilala sawa kama maji kwenye beseni. Ukiweka kalamu juu yake haibingiriki. Ukiigonga kwa kidole, inaitika. Ncha yake moja, ile ya upande wa ukutani, ilikuwa na wekundu uliofifia chini ya vanishi, ambao Inspekta aliamini ni pambo.

Jumatano asubuhi, siku ya tano tangu iwasili, meza hii tukufu ilikuwa imebeba kikombe cha chai iliyopoa, jalada la mauaji, na kikaratasi cha Mkuu wa Kituo kilichoandikwa maneno matatu: SAA NANE MCHANA. Utukufu wake uliishia hapo.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, anayetembea kama mtu anayehesabu hatua, kwa sababu kweli alikuwa akizihesabu. Wezi wa mji mzima walimwita Mama Futi. Kiunoni, mahali ambapo wenzake waliweka bastola, yeye aliweka futi ya chuma ya kujikunja, na inasemekana aliwahi kumwachia mtuhumiwa huru kwa sababu dirisha lilikuwa jembamba kuliko mabega yake kwa inchi moja na nusu.

"Soma tena," alisema.

Koplo alisoma. Koplo alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na alisoma kila kitu kwa sauti ya mtu aliyeombwa kubeba gunia la mwenzake.

"Marehemu, mzee wa miaka hamsini na tisa, anajulikana kama Babu Dawa. Kazi yake kiwandani ni kuchovya mbao kwenye dawa ya mchwa. Jumamosi saa saba mchana aliingia chumba cha dawa. Jumatatu saa moja asubuhi mlinzi alivunja mlango kwa mtaimbo na kumkuta amelala nyuma yake, amekufa. Kucha tatu zimeng'oka. Kishikio cha mlango kiko mkononi mwake pamoja na skrubu zake. Daktari anasema ni mvuke wa dawa."

"Na Kimya?"

"Kimya ni mpasuaji wa magogo. Wa mwisho kuonekana naye. Mlinzi alimsikia akimpigia kelele mzee: 'Utafia humo humo.' Kisha akatoka, akaenda kwake." Koplo akafunga jalada. "Mtu anasema utafia humo, halafu unafia humo. Mkuu anasema hata mtoto wa darasa la tatu angemaliza kesi hii kabla ya mapumziko."

"Mtoto wa darasa la tatu asingeuliza mlango ulifungwa na nini."

"Ulifungwa na Kimya, Afande."

"Kwa nini?"

"Hiyo ndiyo ya saa nane."

Saa nane jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na Kimya angekwenda nalo kujibu shtaka la kuua kwa kukusudia. Mkewe alikuwa kwenye benchi la kaunta tangu Jumatatu. Mapajani alikuwa na shati safi la mumewe, limekunjwa vizuri, na kila Inspekta alipopita alilinyoosha kidogo kama vile ndilo linaloulizwa maswali.

*

Kimya aliletwa akiwa amevaa shati alilokamatwa nalo. Alikuwa mtu mkubwa, mabega kama kabati, na unga wa mbao ulikuwa bado umemkaa kwenye nyusi.

"Ulimwambia mzee atafia humo," Inspekta alisema.

"Nilimwambia."

Koplo aliinua kichwa. Kwa siku mbili mtu huyu alikuwa amesema maneno manne, na mawili kati yake yalikuwa ni kuomba maji.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mlango."

"Mlango ulikuwa na nini?"

"Mbichi."

"Eleza kama unavyomweleza mtu asiyejua mbao."

Kimya alitazama mikono yake, kisha meza, kisha akatandaza kiganja hewani kikiwa kimelala. "Gogo lina maji, Afande. Ukilipasua leo, ubao unakuwa umenyooka, unaupenda. Ukianza kukauka, kila upande unajivuta unavyotaka." Kiganja kikajikunja taratibu, kidole gumba kikapanda, kidole cha mwisho kikashuka. "Mbao laini unaweza kuilazimisha. Hizi ngumu haziombi ruhusa. Ndiyo maana tunazilaza kivulini, mwaka kwa kila inchi ya unene. Mlango ule ulitengenezwa kwa mbao ambazo hazijafika wiki tano."

"Umejuaje ni wiki tano?"

"Nilizipasua mimi. Msumeno wangu una jino moja limevunjika. Linaacha mkwaruzo. Nyuma ya mlango mikwaruzo ipo, hawakuipiga randa upande wa ndani."

"Ukamwambia."

"Jumamosi. Nilikuwa naondoka, nikaona mlango umeanza kupinda, kona ya chini inakwaruza kizingiti. Nikamwambia, mzee, usijifungie. Akasema ni amri, mlango ufungwe akiwa anachovya, mvuke usiwafikie watu wa ofisini. Nikamwambia watu wa ofisini wameshakwenda makwao. Akanicheka, akasema mimi ni mama yake sasa. Ndipo nikapandisha sauti." Akapangusa unga kwenye nyusi. "Mimi huwa sipandishi sauti."

"Kwa nini hukusema haya Jumatatu?"

"Jumatatu niliulizwa kama niliufunga mlango. Nikasema sikuufunga. Wakaandika."

Koplo alifungua jalada, akatafuta, akasoma kwa sauti ndogo kuliko ya mwanzo: "'Mtuhumiwa amekataa kutoa ushirikiano.'"

"Ningerudi," Kimya alisema. Hakuwa akimwambia yeyote. "Nilifika getini. Nikasema nirudi nikamtoe. Nikaona atanicheka tena."

*

Kiwanda kilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, uwanja mrefu wenye mapaa ya mabati na harufu inayokaa kooni. Mlinzi aliwapokea kwa heshima za mtu aliyekwisha kusimulia kisa chake mara arobaini na kukikarabati kila mara.

"Ulikuwa umefungwa, Afande," alisema wakielekea chumba cha dawa. "Kufungwa kwa kufungwa. Nilisukuma kwa bega, wapi. Nikapiga teke, wapi. Nikasema huyu mtu ametiwa komeo kutoka nje."

"Komeo ulilivuta?"

"Lilikuwa—"

"Nakuuliza habari ya mkono wako. Uligusa komeo?"

Mlinzi alitazama mkono wake kana kwamba ungemsaidia. "Nilikimbilia mtaimbo."

"Kwa hiyo hukuligusa."

"Nilikuwa na haraka, mama. Mtu yuko ndani."

Chumba cha dawa kilikuwa cha matofali, bila dirisha, na tundu moja la hewa karibu na dari lililozibwa na kiota cha nyigu. Katikati kulikuwa na birika refu la saruji, kama beseni la kuogea la jitu, na kimiminika cha kijani kimetulia ndani yake. Fremu ya mlango ilikuwa ya chuma. Kizingiti kilikuwa cha saruji, na kwenye kona yake moja kulikuwa na mkwaruzo mpya, mweupe. Karibu na mkwaruzo huo kulikuwa na mikwaruzo mingine, midogo, minne minne. Inspekta aliitazama mara moja tu, na hakuipima.

Mlango wenyewe ulikuwa umeegemezwa ukutani nje, umepasuka upande wa bawaba mahali ulipoingia mtaimbo. Aliagiza ulazwe juu ya mapipa mawili. Akaangalia kona ya kwanza, imetulia. Ya pili, imetulia. Ya tatu, imetulia. Ya nne ilikuwa hewani. Akatoa futi.

"Inchi moja na robo," alisema.

"Mlango umenuna kama mkwe aliyepewa kiti kibovu," Koplo alisema.

"Upande wa nje unapigwa na jua la mchana kutwa. Upande wa ndani unalambwa na mvuke. Nje kunakauka, ndani kunabaki maji. Na ulitengenezwa kuenea fremu ya chuma bila nafasi hata ya unyasi." Inspekta aliinama juu ya komeo. Lilikuwa komeo la kawaida la kuteleza, limepakwa rangi ya kijivu pamoja na mlango. Alikaa hapo muda mrefu, pua yake karibu kugusa chuma. "Koplo, piga picha hapa. Karibu zaidi. Sasa nyingine."

Koplo alipiga. Kisha Inspekta akaweka kidole gumba kwenye komeo, akasukuma. Halikwenda. Akasukuma kwa uzito wa bega. Kulisikika mlio mdogo, kama wa ganda la yai, na rangi ikapasuka kuzunguka chuma, ikadondoka vipande vipande juu ya kiatu chake.

"Mlango ulipakwa rangi lini?"

"Alhamisi," mlinzi alisema. "Siku ulipotiwa kwenye fremu. Fundi seremala aliupaka mwenyewe, hapo hapo."

"Aliupaka komeo likiwa wazi. Rangi ikakauka, ikaligandisha. Tangu Alhamisi mpaka dakika hii hakuna mkono wowote uliolisogeza." Alijinyoosha. "Hakuna mtu aliyemfungia mzee. Mlango ulimfungia."

Mlinzi alishusha pumzi ndefu. "Basi ni bahati mbaya tu, Afande. Hakuna aliyemuua."

"Sijasema hivyo. Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Getini."

"Hatua ngapi kutoka hapa?"

"Sijawahi kuhesabu."

"Mia moja na kumi na nane. Ulisikia nini?"

Sasa kisa kilichokarabatiwa kilianza kumwaga plasta. Mlinzi alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Nilisikia kugonga," alisema. "Saa tisa hivi. Pa. Halafu pa, pa. Lakini sikiliza, mama. Huku mbao zinapasuka zenyewe. Jua likiwa kali, zinajivuta, zinalia. Pa, pa, mchana kutwa. Mwezi wa kwanza nilipoajiriwa nilikuwa nakimbia kila mara na rungu, watu wananicheka. Ukikaa hapa mwaka, unaacha kusikia." Akageukia geti. "Ile iliendelea mpaka karibu saa kumi na moja. Nikasema leo zinapasuka vibaya."

Kana kwamba uwanja ulikuwa umesubiri zamu yake, kutoka chini ya paa la mwisho ubao mmoja ulilia. Pa.

Inspekta aliugeuza mlango. Upande wa ndani haukuwa umepigwa randa. Mikwaruzo ya msumeno ilipita juu yake kila baada ya upana wa vidole viwili, kama mistari ya daftari. Walikwenda kwenye msumeno mkubwa, wakauzungusha kwa mkono, na katikati ya meno yake wakakuta pengo. Mlinzi alikumbuka lilivyotokea: jino lilikutana na msumari uliomezwa na mti, wiki sita zilizopita, wiki ile ile upepo uliponyofoa bati la choo.

"Kimya kasema kweli," Koplo alisema. "Mbao ni mbichi. Sasa, Afande, mlango siwezi kuutia pingu."

"Mlango haukujitengeneza."

*

Fundi seremala alifanya kazi chini ya paa la mwisho uwanjani, mahali mbao zilipolazwa kukauka. Watu walimwita Fundi Randa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na marehemu alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Alipowaona alisimama, akapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

"Pole na msiba," Inspekta alisema.

"Tumeshapoa, Afande. Dada hajala tangu Jumatatu, lakini tumeshapoa." Kisha, kwa kuwa ulimi una mazoea yake, akaongeza: "Meza inakaaje?"

"Inakaa vizuri."

"Haijacheza?"

"Haijacheza hata unywele."

"Haiwezi kucheza," Fundi Randa alisema, na sauti ikamfia njiani.

Inspekta alitazama mbao zilivyopangwa. Kila tabaka lilitenganishwa na jingine kwa vijiti vilivyolazwa kukingama, kijiti juu ya kijiti, ili upepo upite, na juu kabisa kulikuwa na mawe ya kuzikandamiza. Mbao zilizokaa muda mrefu zilikuwa na mistari myeupe mahali vijiti vilipolala, kama mkono uliovaa saa miaka mingi.

"Hiyo mistari inatoka?"

"Ukipiga randa inafifia. Upande usiopigwa inabaki. Hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa ya mbao kavu, Afande. Ubao usio na mistari haujalazwa."

"Mlango wa chumba cha dawa hauna mistari."

"Hauna."

"Ulijua zile mbao ni mbichi."

"Nilijua."

"Hukuwa na kavu?"

Fundi Randa alinyoosha mkono kuelekea mwisho wa paa. Pale palikuwa na nafasi tupu kati ya malundo mawili, kama jino lililong'olewa, na vijiti vilikuwa bado vimelala chini kwa utaratibu wao, vikisubiri.

"Nilikuwa nazo. Alizichagua shemeji mwenyewe. Mbao nane. Miaka miwili zimelala hapo. Kila mwezi alikuja, anazigeuza, anazinusa, anazipangusa. Ncha zake alizipaka rangi nyekundu kwa mkono wake, zisipasuke, na kila mtu ajue ni zake. Mlango wa zamani ulikuwa umeoza, lakini alisema atavumilia mpaka hizi ziive. Alikuwa akinitania, anasema mimi namngoja mtoto wa kike na yeye anangoja mlango, tuone nani ataanza."

Koplo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amekosa neno la kusema juu ya chochote, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Zilikwenda wapi?" Inspekta aliuliza.

"Zilipata mteja."

"Nani?"

"Mteja mwenye haraka."

"Jina lake."

Fundi Randa alimtazama Koplo. Koplo aliendelea na viatu.

"Shemeji alikuja akakuta nafasi tupu," seremala alisema. "Mlango wa zamani ulikuwa umeshaanguka, ofisi wanapiga kelele mvuke unawafikia. Nikamwambia nitampa mbao nyingine. Hakugomba. Alisema tu, 'Hizi zitanuna, shemeji.' Nikamwambia zikinuna nitazipiga randa." Alivua miwani. "Niandike mimi, Afande. Mlango nimeutengeneza mimi. Kwa mkono huu. Usiulize mambo ya mteja. Mteja hakufanya kosa, aliomba mbao akapewa. Niandike tu mimi, tumalize."

Inspekta alipiga magoti kwenye nafasi tupu. Akapima kutoka kijiti hadi kijiti: inchi kumi na nane. Na kingine: inchi kumi na nane. Na kingine. Sakafuni, mahali ncha za mbao zilipokuwa zimefika, kulikuwa na matone ya rangi nyekundu yaliyokauka. Aliyatazama. Kwa kawaida angeuliza maswali mengine kumi. Alifunga daftari, akafunga futi, akasimama.

Gari lilipofika barabara ya lami, Inspekta alimgeukia mwenzake.

"Umemeza ulimi, Koplo?"

"Nautunza, Afande. Miezi minne bado ni mingi."

*

Mkuu wa Kituo aliwasubiri amesimama mbele ya meza mpya, mikono nyuma, tumbo mbele. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Alisikiliza habari ya komeo na rangi, akatazama picha, akaguna.

"Kwa hiyo Kimya si wetu."

"Si wetu, Mkuu."

"Nani wetu?"

"Mlango ulitengenezwa kwa mbao mbichi. Seremala alijua."

"Kakiri?"

"Kakiri."

"Basi una tatizo gani? Uzembe uliosababisha kifo. Seremala anaingia, mpasuaji anatoka, jalada linakwenda saa nane kama nilivyosema." Aliipiga meza kofi la upendo. Meza ikaitika. "Kitu kizuri hiki. Na mimi nitamwagiza yangu kabla hujamfunga."

Akatoka, akicheka mwenyewe.

Inspekta alibaki amesimama. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mke wa Kimya kwenye benchi, na shati mapajani. Kazi ilikuwa imekwisha. Mtu asiye na hatia angetoka, mtu aliyekubali kosa angeingia, na kila karatasi ingekuwa mahali pake. Seremala mwenyewe alikuwa ameomba iwe hivyo.

Aliondoa kikombe. Akaondoa jalada. Kisha Mama Futi, mpelelezi wa miaka kumi na tisa, akapiga magoti na kuingia chini ya meza yake mwenyewe, na kilichobaki kuonekana kilikuwa nyayo za viatu.

Koplo alisubiri.

"Afande, unatafuta nini?"

"Mistari."

"Umeipata?"

Futi ilisikika ikivutwa, ikirudi, ikivutwa tena.

"Minne," sauti ilisema kutoka chini. "Inchi kumi na nane. Kumi na nane. Kumi na nane." Futi ikafungwa kwa mlio. "Na ncha hii haikukatwa. Hili si pambo, Koplo. Hii ni rangi yake."

Koplo alivuta kiti kilichochechemea, akakaa.

Na sasa msimulizi naye ashikwe, maana hakuna tena pa kujificha. Amekutwa kama mwanafunzi wa bweni na mkate chini ya godoro. Alianza kwa kuipigia meza tarumbeta ili mcheke na mpite. Hakusema ilivyopatikana. Amekuwa nyuma ya bega la Inspekta tangu asubuhi, anajua alichokijua, na akakikalia. Jumatatu moja, wiki mbili na siku mbili zilizopita, Inspekta alikwenda na Koplo chini ya paa la mwisho, akataka meza ifikapo Ijumaa ya wiki inayofuata, ya mbao kavu, itakayoitika ikigongwa. Alipita akigonga malundo. Akagonga moja lenye ncha nyekundu, likaitika. Fundi Randa akasema, kwa upole wa mtu anayezungumza na askari, kwamba hizo ni za shemeji yake, za mlango wa chumba cha dawa. Inspekta akasema maneno mawili na kuendelea kupima. Hakuyasahau. Asubuhi, Kimya alipotaja mbao mbichi, yalimjia. Aliposimama juu ya nafasi tupu yalimjia tena, na akafunga daftari. Msimulizi aliyasikia mara zote tatu.

Inspekta alitoka chini ya meza. Magoti yake yalikuwa na vumbi, na hakulipangusa.

"Chukua karatasi," alisema. "Maelezo ya shahidi. Kwanza mwambie wa kaunta amfungulie Kimya. Mkewe ampe shati."

Koplo alikwenda, akarudi. Alichukua karatasi, akatafuta pa kuandikia. Aliitazama meza. Akaiweka karatasi juu ya jalada, na jalada juu ya goti lake.

"Shahidi ni nani?"

"Mimi."

"Afande." Koplo alishusha kalamu. "Seremala hakukutaja. Na mimi masikio yangu ni ya mzee. Siku ile kulikuwa na randa inalia, sikusikia vizuri."

"Ulisikia vizuri. Andika. Nilikwenda kwa fundi nikiwa na sare. Nilichagua mbao nane zenye ncha nyekundu. Niliambiwa ni za nani na ni za kazi gani."

Kalamu ilikwaruza.

"Niongeze kwamba hukujua ni hatari?"

"Sikujua. Lakini sikuuliza, na kuuliza ndiyo kazi yangu. Andika kwanza nilichokijua. Nilijua ni za mlango."

"Halafu ukasema nini?" Koplo aliuliza bila kuinua uso, kwa sauti ile ile ya mtu aliyeombwa kubeba gunia, ila sasa lilikuwa zito kweli.

"Mzee atasubiri."

Koplo aliandika. Maneno mawili hayachukui muda, lakini aliyaandika polepole sana. Huko kaunta mwanamke alikuwa akilia bila sauti kubwa, na mtu mzito akimwambia basi, basi, lete tu nivae twende.

"Soma."

Alisoma. Inspekta alisikiliza mpaka mwisho, akaipokea karatasi, akatoa kalamu. Goti lilikuwa la mviringo, ukuta ulikuwa na mawimbi ya plasta, kiti kilichechemea. Katika chumba kizima palikuwa na mahali pamoja tu palipolala sawa. Akainama hapo, akaweka sahihi.